Ile honi ya treni alfajiri Buguruni: dereva huwa anaongea na nani?

#1 Mpangaji wa Mnyamani
Wakuu salama.

Nina mwezi wa tatu tangu nihamie Buguruni kwa Mnyamani. Kati ya kitanda changu na reli kuna ukuta, choo cha jirani na mkokoteni wa muuza mkaa, basi. Kila alfajiri kama saa 11 na nusu treni inaondoka hapo kituoni, na dereva anapiga honi kwa mpangilio. Siyo ile ya kufukuza mbuzi. Ni ndefu, ndefu, fupi, halafu ndefu nyingine inaburuzika mpaka inapotelea upande wa Tabata.

Jana nilitoka na mswaki mdomoni nikashuhudie. Behewa la mwisho kuna jamaa kasimama mlangoni, kanyoosha mkono nje na bendera ya kijani, macho yote mbele kama anayedai chenji. Honi ikalia, treni ikaondoka, akaendelea kuchungulia mpaka behewa lake lilipomaliza kituo ndipo akaikunja bendera akaingia ndani.

Sasa miaka hii hata muuza kahawa ana simu mbili. Kwa nini hawa waongee kwa honi na kitambaa? Mimi nadai hawana redio kabisa, na ndiyo maana treni zetu zinachelewa. Anayebisha aje na hoja.

#2 Siti ya Dirishani
Nimewahi nafasi. Wajuvi mje.

#3 Kigogo Mburahati
Mkuu wewe mgeni mjini. Hiyo honi ni salamu. Dereva ana mtu wake hapo nyuma ya kituo, anamwambia "nimepita mama, nitarudi na samaki". Mtaani kwetu kulikuwa na dereva wa lori wa hivyo hivyo, tofauti ni kwamba mkewe naye aliijua ile honi.

#4 Chuma Mbili
#3 acha utani kwenye uzi wa maana.

Ndefu mbili, fupi, ndefu ni alama ya kukaribia makutano ya reli na barabara. Marekani ndiyo sheria, treni zinapiga hivyo hivyo kabla ya kukatiza barabara. Vichwa vyetu vingine vimetoka kwa Mmarekani, kwa hiyo vimekuja na utaratibu wake.

#5 Fundi Saa Mbovu
Hahaa, kichwa kimekuja na utaratibu wake! Kwa hiyo nikinunua Toyota inakuja inaongea Kijapani? Honi inabonyezwa na mkono wa Mtanzania aliyesoma kitabu cha kanuni za reli yake. Kila reli ina lugha yake ya honi. Huwezi kuchukua ya Marekani ukatafsiria ya Buguruni.

#6 Chuma Mbili
#5 sawa, toa tafsiri yako basi.

#7 Fundi Saa Mbovu
Sina. Nimekuja kubomoa ya kwako tu.

#8 Binti wa Gadi
Habari zenu. Huwa nasoma tu bila kuchangia, ila hapa mmenigusa. Baba yangu alikuwa gadi Reli ya Kati, alianza enzi za Afrika Mashariki kabla jumuiya haijavunjika 1977, akamalizia TRC, Shirika la Reli Tanzania. Huyo jamaa wa behewa la mwisho ndiye gadi. Watu wengi wanadhani dereva ndiye mkubwa wa treni. Dereva ni mkubwa wa kichwa. Treni nzima, abiria, mizigo, muda wa kuondoka, vyote vilikuwa kwenye daftari la baba.

Bendera ya kijani aliyoiona mleta uzi maana yake ni "nyuma huku kumekamilika, milango iko salama, ondoka". Dereva haruhusiwi kuondoka kwa kuona taa ya kijani peke yake. Taa inasema njia ni nyeupe, gadi anasema treni iko tayari. Ni ruhusa mbili tofauti kutoka kwa watu wawili tofauti. Na honi fupi inayofuata ni jibu la dereva: nimekuona. Na kule kuendelea kuchungulia ni kwamba anatazama kama kuna mtu kaning'inia, kama kuna moshi magurudumuni, kama stesheni masta anampungia kitu.

Baba alikuwa na sanduku la bati la kijani. Ndani: bendera mbili zimeviringishwa kwenye vijiti vyake, taa ya mafuta yenye vioo vya rangi ambayo unazungusha kofia yake juu inageuka kutoka nyeupe kwenda nyekundu kwenda kijani, filimbi, daftari, sufuria ndogo, na mkebe wa fataki. Tulikatazwa kuugusa ule mkebe kuliko tulivyokatazwa kugusa hela.

Fataki kazi yake hii. Treni ikikwama porini, gadi anashuka na taa nyekundu, anatembea kwa miguu kurudi nyuma kwenye reli, mbali, anazifunga juu ya chuma cha reli. Treni nyingine ikija nyuma, gurudumu likikanyaga, zinalipuka pa! pa! pa!, dereva anajua mbele kuna hatari hata kama kuna ukungu na hajaona taa yoyote. Usiku mmoja wa masika kati ya Kilosa na Gulwe, pale mto unapopenda kuzoa tuta, baba alitembea hivyo akiwa na taa moja na koti la mvua. Alituambia kilichomtisha siyo simba. Ni kwamba alipogeuka nyuma hakuiona tena taa ya mkiani ya treni yake, na mbele hakuna kitu, yuko katikati peke yake na mvua.

#9 Siti ya Dirishani
#8 dada umeandika mpaka nimeshuka kituo kisicho changu.

#10 Mpangaji wa Mnyamani
#8 shikamoo kwa mzee kama bado yupo. Lakini umesema honi FUPI ndiyo jibu. Mimi nasikia ndefu mbili, fupi, ndefu. Hizo nyingine za nani?

#11 Binti wa Gadi
Yupo, ana miaka 81, marahaba amekuitikia. Nimemuuliza. Anasema enzi zake kituo kidogo kama hicho kingepigiwa fupi tu. Halafu akauliza "huyo kijana anahesabu akiwa ameamka kweli?"

#12 Kigogo Mburahati
Mzee kamaliza kazi 😂 Nabaki na hoja yangu ya nyumba ndogo.

#13 Redio Kol
Niwarekebishe wengi kwa mpigo. Mimi ni fundi wa mawasiliano, siyo wa reli moja kwa moja, ila nimewahi kufunga vifaa kwenye vichwa vya treni.

Redio zipo. Mleta uzi kachemka. Dereva ana redio, stesheni masta ana redio na simu ya mezani, na kuna kontrola ambaye anakaa mbele ya karatasi au kompyuta yenye ramani ya treni zote. Swali la maana ni kwa nini bendera haijafa pamoja na kuwepo redio. Jibu langu: redio inasikika na kila aliye kwenye masafa. Ukisema "haya ondoka dereva", madereva watatu wanaweza kuisikia na kila mmoja akadhani ni yeye. Bendera inaonekana na mtu mmoja, kwenye treni moja, hapo alipo. Ndiyo maana kwenye redio lazima utaje namba ya treni na mahali ulipo, na anayepokea arudie alichosikia neno kwa neno. Ukijibu "poa" unaulizwa tena.

Halafu kuna simu nyingine ambayo hamjaitaja: bomba la hewa. Linapita chini ya mabehewa yote toka kichwani mpaka mkiani. Watu wanadhani kuongeza hewa kwenye bomba ndiko kunafunga breki. Ni kinyume chake. Hewa ikijaa kwenye bomba breki zinaachia, hewa ikipungua zinabana. Behewa likikatika, bomba linapasuka, hewa inatoka, treni inasimama yenyewe. Gadi naye kule nyuma ana mshale wake wa kipimo na koki. Akiifungua, mshale wa dereva unaanguka na breki zinashika bila mtu kusema neno. George Westinghouse huyo, miaka ya 1870, na mpaka leo wazo ni lile lile.

#14 Mwana Kamata
#13 kama hewa ikiisha breki zinabana, ile treni ya Dodoma iliyorudi nyuma na kuua watu zaidi ya elfu moja ilikuwaje?

#15 Daftari la Tarehe
#14 siyo elfu moja. Msagali, 24 Juni 2002, waliofariki ni 281. Waliokuwa ndani ndio walizidi elfu. Treni ya abiria ilipata hitilafu ya breki mlimani, ikarudi kinyumenyume na kugongana na treni ya mizigo. Tuwe makini na hizi namba, kuna watu humu wana ndugu zao pale.

#16 Mwana Kamata
Nimekosea, samahani. Swali linabaki.

#17 Redio Kol
#16 Sitaisemea Msagali, sikuwepo. Kwa ujumla zipo njia mbili za breki nzuri kukusaliti. Kwanza, ile hewa inayobana breki iko kwenye tanki dogo la kila behewa, na tanki linavuja. Ukisimama mlimani muda mrefu bila kufunga breki za mkono, nguvu inaisha taratibu. Pili, koki ya bomba ikifungwa katikati ya treni, mabehewa ya nyuma yake hayamsikii tena dereva.

Ya pili ilitokea Paris, stesheni ya Gare de Lyon, 27 Juni 1988. Abiria alivuta breki ya dharura, katika kuirudisha koki ikafungwa, breki zikakwama, dereva akadhani ni hewa imeziba, akaitoa kwa mkono behewa kwa behewa. Akaondoka na treni isiyo na breki kwenye mteremko. Watu 56 walikufa. Na hapa ndipo panapohusu uzi huu: alibonyeza king'ora cha redio lakini hakujitambulisha, kwa hiyo wasimamizi wakajua kuna treni ina hatari ila hawakujua IPI. Redio ilifanya kazi yake yote, kilichokosekana ni jina.

#18 Fundi Saa Mbovu
#17 hapo sina cha kubomoa.

#19 Mchongoko Kila Ijumaa
Nyie bado mko kwenye vibatari. Mimi napanda SGR, reli mpya ya umeme, kwenda Dodoma kila wiki, mchongoko, ile treni yenye pua iliyochongoka, hauna haja ya bendera. Kompyuta inaongea na kompyuta.

#20 Mswaki wa Reli
#19 ni kweli nusu. Reli ya Dar mpaka Morogoro imejengwa na mfumo wa ETCS daraja la 2, yaani mfumo wa Ulaya wa kusimamia mwendo wa treni, na redio yake ni ya reli peke yake, GSM-R. Dereva anaonyeshwa kwenye skrini mbele yake mwendo anaoruhusiwa na mwisho wa ruhusa uko umbali gani. Akipitiliza, treni inajifunga breki. Kuna vidude bapa vya njano mnaviona vimelala katikati ya reli, treni ikipita juu yake inajua iko wapi hasa.

Sababu siyo umaridadi. Kwa kilomita 160 kwa saa treni inakula mita 44 kila sekunde moja. Ukipepesa macho mara mbili umepita uwanja wa mpira. Na kusimama inahitaji zaidi ya kilomita. Hakuna jicho la binadamu la kusoma bendera kwa mwendo huo. Lakini mtu wa kuhakikisha mlango haujabana mkono wa mtoto bado ni mtu.

#21 Mchongoko Kila Ijumaa
Nakubali. Ila dereva naye si atalala kama kompyuta ndiyo inaendesha?

#22 Mswaki wa Reli
Ndiyo maana vichwa vingi vya treni duniani vina kanyagio au kitufe cha kuthibitisha uko macho. Usipokigusa kwa muda fulani kinalia, ukiendelea kunyamaza breki zinajibana. Kama mwalimu wa zamu.

#23 Mama Ntilie wa Stesheni
Jamani mie nauza chai pale nje ya Stesheni miaka mingi. Kuna dereva mmoja na msaidizi wake wakija kunywa chai wanaongea kwa kurudiarudia. Mmoja akisema "sukari mbili", mwingine "sukari mbili". Nikauliza mna nini? Wakacheka, wakasema kazini kila taa ikionekana mmoja anataja rangi na mwingine anarudia, wamezoea.

#24 Siti ya Dirishani
#23 mama umeshinda uzi.

#25 Daftari la Tarehe
Wajapani wamekwenda mbali zaidi. Dereva ananyoosha kidole kwenye taa na kuitaja kwa sauti hata akiwa peke yake. Taasisi yao ya utafiti wa reli ilipima mwaka 1994, makosa yakashuka kutoka 2.38 kwa kila vitendo 100 hadi 0.38. Mkimwona dereva anaisonta taa na kuongea peke yake msikimbilie kusema kalogwa.

#26 Kigogo Mburahati
Nami nitaanza. Nikirudi nyumbani usiku nasonta mlango: "Umefungwa!" Mke wangu ndani anarudia: "Umefungwa!"

#27 Mwana Kamata
😂😂😂

#28 Tabata Matumbi Finest
Turudi kwa mleta uzi. Hiyo treni ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, nimeipanda tangu ianze 2013. Honi ya alfajiri ni kwa ajili ya watu wanaotembea relini. Kuanzia Buguruni mpaka Mabibo reli ndiyo barabara yetu ya miguu. Kuna wanaouza nyanya juu ya mataruma kabisa, treni ikija wanavuta kipande cha turubai pembeni, ikipita wanarudisha.

#29 Daftari la Tarehe
Ilianza 29 Oktoba 2012, Stesheni mpaka Ubungo Maziwa, chini ya TRL, kampuni ya reli ya wakati huo. Ya Tazara nayo ikaanza siku hizo hizo.

#30 Tabata Matumbi Finest
Wewe jamaa unalala na kalenda?

#31 Mwana Kamata
Nje ya mada kidogo. Kwa nini ile ya Tazara isiletwe mpaka Stesheni tushukie mjini? Reli si reli?

#32 Mswaki wa Reli
#31 upana haufanani. Reli ya Kati ya Mjerumani ni milimita 1,000, Tazara ni 1,067, SGR ni 1,435. Milimita 67 unaziona ndogo lakini gurudumu linatumbukia katikati. Mizigo ndiyo maana inahamishwa Kidatu, reli hizo mbili za kwanza zinapokutana.

#33 Nimechoka Kusubiri
Mimi nina dukuduku na mtaniwia radhi. Nilikuwa safarini kwenda bara, treni sitaitaja. Tukasimama porini saa 4 usiku. Saa 5, kimya. Saa 7, kimya. Watoto wanalia, maji yameisha, kuna mama mjamzito anapepewa na kanga. Mhudumu kila akipita anasema "tunasubiri". Tunasubiri nini? "Tunasubiri." Saa 8 na robo ikapita treni ya mizigo, nasi tukaondoka. Hakuna aliyetamka hata pole. Mnasifia hapa wanavyowasiliana wao kwa wao. Sisi tuliokata tiketi tuko kwenye masafa gani?

#34 Binti wa Gadi
#33 pole sana. Baba anasema kwenye reli ya njia moja ni lazima treni zipishane stesheni, hata iwe ya porini. Stesheni masta hampi dereva kibali mpaka amepiga kwa mwenzake wa mbele na kuhakikishiwa kipande kizima ni kitupu. Na huyo wa mbele hawezi kusema kitupu mpaka ameona kwa macho yake taa ya mkia ya treni iliyotangulia, kwamba imefika nzima na haijaacha behewa njiani. Kwa hiyo mara nyingi gadi mwenyewe kaambiwa neno moja tu, subiri.

#35 Nimechoka Kusubiri
Aseme basi "nimeambiwa nisubiri treni ya mizigo ipite". Maneno sita.

#36 Redio Kol
#35 yuko sahihi. Nadhani wanaogopa wakitaja sababu abiria watashuka kuchimba dawa, halafu njia inafunguka nusu ya watu wako vichakani.

#37 Chuma Mbili
#36 wanashuka hata wasipoambiwa. Nadhani ni mazoea tu, kazi imepangwa kuongea na taa na haikupangwa kuongea na watu.

#38 Binti wa Gadi
Baba amekataa zote mbili. Anasema ukitaja muda na ukapita, unatukanwa mara mbili. Nikamwambia baba, si bora kutukanwa mara mbili kuliko watu kukaa gizani? Ameenda kulala.

#39 Kipepeo wa Pugu
Elimu ya bure: mkiwa karibu na reli usiku msichezee tochi za simu. Kwenye kanuni za reli za asili ya Kiingereza taa yoyote, rangi yoyote, ikipungwa kwa nguvu ni SIMAMA. Mikono miwili juu nayo ni simama. Shemeji yangu aliwahi kumpungia rafiki yake tochi ng'ambo ya reli, treni ikaanza kupunguza mwendo, akaitupa simu kwenye majani. Walitumia nusu saa kuitafuta, na tochi ilikuwa imezimika.

#40 Fundi Saa Mbovu
Uingereza vibao vya kupigia honi havihusu kuanzia saa 6 usiku mpaka saa 12 asubuhi, watu walale. Isipokuwa dereva akiona mtu relini. Mleta uzi ungehamia huko.

#41 Tabata Matumbi Finest
#40 kwetu muda huo ndio watu wako relini wanawahi Ilala sokoni. Ukizima honi unazika.

#42 Mpangaji wa Mnyamani
Nimerudi wakuu. Kwanza naondoa dai la redio, #13 kanielimisha. Pili nimefanya utafiti kama mzee alivyoagiza, macho makavu, nimeketi kwenye mkokoteni wa mkaa asubuhi tatu mfululizo na kalamu.

Jumanne: ndefu, ndefu, fupi, ndefu. Sikuwa naota.
Jumatano: fupi moja, kama mzee alivyosema. Dereva alikuwa mwingine, huyu ana kofia.
Alhamisi: ndefu moja hiyooo, kwa sababu kulikuwa na bodaboda imezimika juu ya reli na mwenyewe anaipiga kiki badala ya kuisukuma. Gadi hakutoa bendera mpaka bodaboda imetoka, kisha akaitoa.

Kwa hiyo yule wa Jumanne ni nani, na kwa nini yeye tu?

#43 Kigogo Mburahati
Nimeshasema tangu #3.

#44 Chuma Mbili
Alifundishwa na mtu aliyefundishwa na Mmarekani.

#45 Binti wa Gadi
Baba anauliza huyo wa Jumanne ile ndefu ya mwisho anaimaliza ghafla au anaiachia ishuke taratibu? Anasema kila dereva alikuwa na mkono wake, yeye akiwa kitandani Morogoro alikuwa anawajua kwa honi kabla treni haijafika.

#46 Mpangaji wa Mnyamani
Anaiachia ishuke taratibu.

#47 Binti wa Gadi
Amecheka. Hajasema kitu.

#48 Mwana Kamata
Mkuu #42, hapo kwa Mnyamani chumba shilingi ngapi kwa mwezi? Na umeme ni wa kwako au mnachangia luku?